Maandishi Madogo Kwenye Cheti Chako

Kasingirima, Jumatano

Kaka Kasongo,

Shikamoo. Nyumbani tu wazima. Mvua imekatika, dagaa wa Kibirizi wanakauka kwa siku moja. Mimi niko kidato cha tatu, na bado naogopa kunyoosha mkono darasani.

Mama amepata ujumbe wako kwamba unahitaji ada ya mtihani wa cheti kingine cha kompyuta. Jana alimleta mnunuzi aone vichanja viwili vya kuanikia dagaa alivyobaki navyo. Vitatu vya mwanzo viliuzwa kwa ajili ya cheti cha kwanza.

Nilimwomba asubiri. Akacheka, akanionyesha cheti chako ukutani. "Dagaa zinaoza, mwanangu. Karatasi ya kaka yako haiozi."

Kaka, nimeyasoma yale maandishi madogo ya chini. Cheti kile ni cha miaka mitatu, na kimekwisha muda mwezi uliopita. Huombi cheti kingine, unaomba kilekile. Mama hajui Kiingereza. Kila mgeni anaonyeshwa cheti hicho.

Sikulaumu. Nataka kujua tu: kwa miaka hiyo mitatu, ipo ofisi hata moja iliyokuajiri kwa sababu yake? Kama ipo, sitasema neno. Kama haipo, mpigie Mama wewe mwenyewe umwambie kabla ya Jumamosi, siku mnunuzi atakapokuja kuvichukua.

Mimi nimejaribu kumwambia mara mbili, nikashindwa. Mara ya pili nilimkuta anakifuta vumbi cheti chako kwa upindo wa kanga yake.

Mdogo wako anayekuwaza,
Merina