Vivuli vya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Nimempeleka mama mwenye mimba ya mapacha hospitali ya wilaya, wakasema nisubiri. Nimesubiri masaa manne ndani ya gari. Watu wanadhani kazi ya dereva wa ambulensi ni kukimbiza gari. Kazi ni kusubiri.

Nimefungua kile kidude cha gemu alichonipa shemeji Boazi. Cha Kijapani, unakishika mkononi, alikipata mtumba Tunduma. Nilidhani ni mambo ya watoto. Siyo. Watu wanne wamebeba kengele kutoka mji wa bondeni, wanaipeleka mlimani, na nchi nzima imefunikwa na ukungu — kama huku. Majina unawapa mwenyewe. Mwenye upanga nimemwita Rubeni, jina langu. Anayetibu wenzake nimemwita Atu. Mke wangu Atupokile akijua kwamba nimemtia kwenye gemu atacheka.

Uzuri wake nimeuona leo leo. Hakuna haraka. Adui anakupiga, halafu anasimama anakungoja ufikirie. Barabarani hakuna anayekungoja.

Alhamisi, 6 Machi

Kero ya kwanza: huwezi kuseva, kuhifadhi ulipofika, popote pale. Ni kwenye visima tu, na kutoka kisima hadi kisima ni mwendo wa saa nzima. Nilikuwa nakaribia kabisa kisima cha tatu, simu ikaita, mtoto ana degedege. Nimezima. Kazi yote imepotea.

Mtoto amefika salama, lakini. Niandike na hilo.

Sista Imakulata, mkunga wetu hapa kituoni, alikuwa naye nyuma. Anatoka Bukoba, ana mwaka mmoja hapa Suma na bado analala na masweta mawili. Wakati wa kurudi ameniuliza nacheza nini. Nikamweleza habari za visima. Akasema hata kliniki zetu ziko hivyo hivyo, anayeishiwa nguvu njiani anaanza upya.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nimecheza mpaka chaji imekwisha. Nimefika kwenye bwawa la matete.

Hapa kuna vivuli. Vinatembea ndani ya ukungu. Ukikiona kivuli mapema unakikwepa, au unakivizia wewe. Kisipoonekana kikakugusa, kinapiga kwanza, mara mbili, hujanyanyua hata upanga. Mimi vinanigusa kila mara. Nimehesabu: mara kumi na moja, na mara tisa vimetoka kushoto. Vinatokea hewani tu. Aliyetengeneza gemu hili ana roho mbaya.

Muziki wa bwawa ni mzuri, hata hivyo. Ngoma moja ya chini, inapiga taratibu, inanyamaza, unadhani imekwisha.

Juzi nimekwangua kioo cha pembeni kwenye nguzo ya geti la kituo. Upande wa kushoto. Nguzo hiyo naipita mwaka wa saba sasa.

Jumatano, 12 Machi

Leo nusura niue mtu.

Nilikuwa Mpuguso, narudi bila mgonjwa. Siku ya soko, watu wamejaa kandokando. Nilikuwa mwendo wa kinyonga. Nikasikia kishindo, parachichi zikamwagika hadi mbele ya gari. Mama mmoja amekaa chini kwenye matope, tenga lake limepasuka. Hakuumia, mkono tu umechubuka.

Watu wakazunguka gari. Nikashuka, nikasema mama ameingia barabarani ghafla. Nilisema kwa sauti kubwa. Yule mama hakupiga kelele. Aliniangalia tu, kisha akasema, kwa Kiswahili cha wazee wa huku, kwamba yeye alikuwa amesimama. "Nilisimama hapa tangu gari lako likiwa kule kwenye daraja, baba. Nikakupungia na mkono, nikijua umeniona."

Nimemwokotea parachichi zake moja moja. Nimemwambia ugonile, wakati ule, katikati ya matope, kama mjinga — salamu yetu ya asubuhi, na ilikuwa alasiri.

Sikumwona. Hilo ndilo ninaloliandika hapa na sijamwambia mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Kituoni kimya, wagonjwa wawili tu. Nimempa Imakulata gemu, nimekaa pembeni yake kwenye benchi nimwoneshe linavyoonea watu. Nikamwambia subiri, sasa hivi utaona.

Amevuka bwawa lote. Hakuguswa hata mara moja.

Nikamuuliza umejuaje vilipo. Akanishangaa. "Si vinaonekana, Kaka Rubeni? Hiki hapa kinakuja tangu kule. Na hiki." Akaweka kidole kwenye kioo, upande wa kushoto. Nikageuza kichwa kufuata kidole na kweli, kilikuwepo, kinatembea bila haraka.

Nikasema kioo kina giza. Akasema sawa. Kisha akaweka gemu chini, akakaa mbele yangu, akaniambia nimtazame puani, nisigeuze macho. Nikafanya. Akasema, "Vidole vingapi?"

Vidole gani?

Mkono wake ulikuwa juu, pale kushoto kwangu, muda wote anaongea. Amejaribu jicho moja moja. Jicho la kushoto ni baya zaidi, la kulia nalo linamegeka pembeni. Nilicheka. Yeye hakucheka. Amesema kliniki ya macho hospitali ya wilaya ni Jumatatu na Jumanne, na kwamba nisiendeshe kabla sijaonwa. Nikamuuliza ataendesha nani. Dereva ni mimi peke yangu.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda Ibighi kwa mama. Nimemkuta anamenya ndizi. Nikazunguka zunguka, mwishowe nikamuuliza upofu wa marehemu baba ulianzaje. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa shule ya bweni wakati ule; niliondoka akiwa anaona, nikarudi anashikwa mkono.

Mama akasema hakuumwa. Hakulalamika macho hata siku moja. "Aligombana na mimi," amesema. "Kila siku ugomvi. Anasema Tulinagwe, kwa nini umehamisha kiti? Na mimi kiti sijakigusa, mwanangu. Kiti kiko palepale."

Halafu alianza kugonga mihimili ya milango kwa bega. Watu wakasema amerogwa na jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba la chai. Jirani yule alihama. Mama amesema mpaka leo anamwonea huruma.

Akaniuliza kwa nini nauliza. Nikasema bila sababu. Aliendelea kumenya. Nilipoaga hakusema ndaga, asante ya kwetu, kama kawaida yake; alinishika uso kwa mikono yote miwili, ina utomvu wa ndizi, akaniangalia jicho moja, kisha la pili.

Jumanne, 18 Machi

Sikwenda kliniki. Nilikuwa hapohapo hospitalini, nimeegesha gari hatua hamsini kutoka kwenye mlango wao, naona foleni ya wazee. Nikacheza gemu.

Nimejifunza ujanja. Nikigeuza kichwa kama kuku, kushoto, kulia, kushoto, vivuli navipata. Leo vimenigusa mara mbili tu. Nimemshinda bosi wa bwawa, mnyama mwenye midomo saba, kwa akili, bila kupoteza mtu hata mmoja. Atu alibaki na uhai kidogo sana na bado akatuponya wote. Hiki ndicho gemu linachokupa: ukikaa, ukifikiri, unatoka. Nilifurahi kama mtoto.

Kisha nikafumba jicho la kulia, nikatazama kwa la kushoto tu. Nusu ya kioo hakuna. Siyo nyeusi. Hakuna tu, kama haijawahi kuwepo.

Imakulata ameniuliza. Nimemwambia nimeonwa, ni miwani tu, itakuja. Nimemdanganya kwa uso mkavu.

Ijumaa, 21 Machi

Ukungu mzito kuanzia asubuhi mpaka mchana. Nilikuwa na mama mjamzito nyuma, Imakulata pamoja naye. Kona ya juu ya mto nimesikia Imakulata anapiga ukuta wa gari na kuita jina langu, nikakanyaga breki bila kujua kwa nini.

Bodaboda. Baba, mama na mtoto mgongoni. Kushoto kwangu, karibu ningeweza kuwagusa kwa mkono. Yule baba hata hakutukana.

Tulipomshusha mgonjwa Imakulata aliniomba kadi ya kliniki. Nikasema nimeiacha nyumbani. Akasema, "Kaka Rubeni, mimi nilikuwa nyuma, naangalia kwa kidirisha kidogo, nimewaona. Wewe una kioo kizima mbele yako."

Nikachukua kitambaa, nikafuta kioo.

Akasema ananipa mpaka Jumatatu. Nisipomwambia Daktari Nsajigwa mwenyewe, atamwambia yeye. Daktari ndiye mganga mfawidhi wetu, mkubwa wa kituo. Nilimwambia Imakulata maneno mabaya. Nilimwambia amekuja jana tu huku na kesho ataomba uhamisho, mimi watu hawa ni wa kwetu, nimewabeba miaka saba. Akaniambia ndiyo, ndiyo maana.

Gemu sijaligusa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda. Nimepanda basi, sikuendesha.

Wamenitia dawa, wamenipima, wamenikalisha mbele ya mashine yenye vitone vya mwanga, unabonyeza ukikiona kimoja. Kama gemu kabisa. Nilidhani nimefanya vizuri. Karatasi ilipotoka ilikuwa nyeusi pande zote, katikati peupe padogo kama sahani.

Presha ya macho. Daktari wa pale ni kijana mpole. Amesema kilichokwisha hakirudi. Dawa ya matone, kila siku, maisha yote, inaweza kulinda kilichobaki. Ameuliza kama kuna mtu kwenye ukoo mwenye tatizo hili. Nikamtaja baba. Akauliza kama nina watoto. Nikasema Neema, na mdogo wake Meshaki. Akasema nao waletwe.

Kisha ameuliza kazi yangu. Nilipomwambia aliweka kalamu chini.

Jumatano, 26 Machi

Daktari Nsajigwa amerudi leo kutoka safari, nimempa barua ya kliniki. Ameisoma mara mbili. Hakunigombeza — ningependa angenigombeza. Amefungia funguo za gari kwenye droo yake na kusema dereva mwingine ataletwa Jumatatu. Mpaka hapo wagonjwa wa rufaa wataitiwa gari la kituo cha jirani. Mimi nitapangiwa kazi stoo.

Atupokile nimemwambia jana kwenye shamba la chai, tukiwa tunachuma. Aliendelea kuchuma mistari miwili mizima. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unanigonga kitandani ukigeuka, na mimi nikadhani una hasira." Tukacheka kidogo. Halafu akalia, akiwa bado anachuma.

Nimemwonesha gemu. Yeye ndiye Atu. Amesema mbona amevalishwa nguo nyekundu. Nikamwambia kero nyingine: maandishi ni madogo mno, na mkoba unabeba vitu ishirini tu, dawa ikijaa lazima utupe chakula. Amesema huo ndio ukweli pekee wa gemu hilo.

Alhamisi, 27 Machi

Saa tisa mchana. Naandika nikiwa ndani ya gari. Niandike haraka.

Mama mmoja, Tusajigwe, amejifungua hapa kituoni saa saba. Mtoto mzima. Damu haikatiki. Imakulata amefanya yote anayoyajua, anasema kuna kipande cha kondo kimebaki ndani na mama anahitaji kuongezewa damu, na damu hapa hatuna. Gari la jirani limepigiwa simu: liko Mbeya. Masaa mawili na nusu, kama barabara haijakatika. Imakulata anasema mgonjwa hana masaa mawili na nusu. Kuna bodaboda nje, lakini mtu wa namna hii humweki kwenye bodaboda. Gari la mwalimu, ile Noa, limeharibika. Daktari Nsajigwa yuko kikaoni Tukuyu, simu inaita tu.

Mvua. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

Nilikuwa stoo napanga maboksi ya glavu. Imakulata aliingia, mikono yote ina damu hadi kwenye viwiko. Amevunja droo ya daktari. Alinyoosha funguo.

Nikamwambia wewe ndiye uliyenikataza kuendesha. Akasema, "Najua."

Nikamwambia siwezi kuona kushoto. Akasema atakaa mbele na mimi, atanitajia kila kitu kilichoko kushoto, mtu, mti, ng'ombe, mpaka tufike. Nikamuuliza nani atakaa nyuma amshikilie mgonjwa tumbo. Akakimbia kurudi wodini.

Nimewasha gari. Waipa zinafanya kazi. Taa zinafanya kazi. Nimeuweka mguu kwenye breki. Kutoka hapa hadi lami kuna kona kumi na sita, nazijua kwa moyo. Nguzo nazijua. Madaraja nayajua. Watu ndio siwezi kuwajua.

Wanamleta. Naona machela kwenye kioo cha ndani. Wameifunika khanga ya njano na khanga tayari siyo ya njano. Mlango wa nyuma umefunguliwa. Umefungwa.

Sauti ya Imakulata. Inatoka nyuma, haitoki mbele. Anamwambia mgonjwa asilale, asilale. Kisha ananiambia mimi: "Twende, Kaka."

Kwa hiyo niko peke yangu mbele.

Hapana. Siko peke yangu. Nimegeuza shingo kutafuta mkanda na kuna mwanamume kwenye kiti cha kushoto, amelowa chapachapa, amempakata mtoto aliyefungwa kwenye shuka. Mume wake Tusajigwe. Sijui ameingia saa ngapi. Anaangalia kalamu yangu, anasubiri niiweke chini. Yeye atanitajia vya kushoto.