Uyoga wa Kilima cha Mibetula

Kaka Terenti,

Pokea salamu zangu, na baada ya zangu pokea za mama, aliyekaa hapa kando yangu akishona soli ya buti na kuniuliza kila mara nimefika wapi. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko kaskazini, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Ukiuliza habari za huku, desturi inanitaka niseme hatujambo. Mama hajambo. Mimi sijambo. Mbwa hawajambo. Baba yu hai, na zaidi ya hapo sina neno jema la kukuandikia juu yake.

Uliposikia amepelekwa hospitali ya mjini uliandika kwamba madaktari wa siku hizi wanatoa hata risasi moyoni. Kweli walimpasua. Wakachungulia, wakamshona tena, wakampa vidonge vya maumivu na ruhusa ya kurudi nyumbani. Daktari aliniita pembeni akaniambia uvimbe umeshika tumbo lote na ini, kwa hiyo nimpe chochote roho yake itakachotamani. Baba aliponiona narudi na macho mekundu aliniuliza kama daktari amenitukana. Nikasema hapana. Akasema, "Basi kama hakukutukana, twende zetu."

Roho yake haikutamani chakula. Ilitamani chai ya uyoga mgumu unaoota kwenye gome jeupe la mbetula, huu ambao Warusi huuita chaga. Mama alikuwa na kipande cha zamani juu ya jiko, akakichemsha, lakini baba alionja mara moja akarudisha kikombe, akasema kina ladha ya soksi za marehemu. Alitaka uyoga wa Kilima cha Mibetula, palepale alipokuwa akitupeleka mimi na wewe kila majani yakipukutika, kwa sababu babu yake alipona kwa uyoga wa pale. Nina, tabibu wetu wa kijijini, alininong'oneza kwamba chai haiwezi kitu mbele ya ugonjwa ule, ila haitamdhuru. Mama alimsikia. Akamjibu kwamba hata vidonge vyake Nina havijawahi kumdhuru mtu, wala kumponya.

Niliazimia kwenda peke yangu. Baba akakataa kabisa, akasema nitamletea mavi ya dubu nikidhani ni uyoga. Mama alimkumbusha kwamba hawezi kufika mlangoni bila kushika ukuta. Naye akajibu kwamba mtoni hakuna ukuta, kwa hiyo hatauhitaji. Basi nikambeba hadi kwenye boti. Kaka, nilimbeba mikononi, kama unavyobeba kuni za asubuhi. Nilimfunika makoti mawili ya manyoya, ikabaki inaonekana pua tu, na ile pua ndiyo iliyokuwa ikiniamrisha: kata kushoto, punguza moto wa injini, usiwakanyage bata wa watu.

Njiani alichangamka mpaka nikaanza kudanganyika. Alisimulia jinsi ulivyoanguka mtini ukiwa mdogo, ukaning'inia kwa mkanda wa suruali, ukamwita mama badala ya yeye aliyekuwa chini yako. Alicheka hadi akashika tumbo.

Tulipofika pale mto unapopinda, pale ambapo ule weupe wa mibetula huonekana kabla ya kitu kingine chochote, hatukuuona. Baba akasema nimepita. Nikageuza boti, tukarudi chini. Akasema bado, panda tena. Nikapanda tena. Aliangalia ukingo mmoja, akaangalia wa pili, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama huu ni mto wetu kweli. Sikuwa nimewahi kumwona baba amepotea. Mtu aliyekuwa akirudi nyumbani gizani katikati ya tufani ya theluji, huku mbwa wenyewe wamekata tamaa, alikaa ndani ya boti akaniuliza mimi tuko wapi. Nikamwonyesha lile jiwe kubwa la majini tulilokuwa tukifungia boti. Jiwe lilikuwapo. Juu yake kilikuwa kilima kitupu cha mchanga, na katikati yake barabara na bomba la mafuta linalometa, linakwenda mpaka macho yanachoka.

Mibetula ilikuwa imesukumwa chini, imelundikana kandokando ya barabara, mizizi juu. Nilipanda kuangalia. Uyoga ulikuwapo, kaka, mwingi kuliko nilivyowahi kuuona kwa siku moja, kwa sababu ule wa juu ambao hatukuwahi kuufikia sasa ulikuwa usawa wa magoti yangu. Nilirudi mbio na vipande viwili vikubwa, vyeusi kama kuni iliyoungua, nikidhani nimempelekea furaha. Alivipima mkononi, akavipasua kwa kisu, akavitupa majini. Aliniambia mti uliokufa hauna cha kumpa mgonjwa, maana wenyewe ulishindwa kujiponya. Nikamwambia miti ile imekufa juzi tu. Akasema, "Aliyekufa juzi na aliyekufa zamani, wote hawaamki kukuchemshia chai."

Alikuwa anatetemeka, kwa hiyo nilimpeleka kwenye kambi ya wafanyakazi iliyo kando ya barabara, apate moto. Mpishi wa pale, mama mmoja mnene aitwaye Halina, alitukaribisha vizuri, akatupa supu ya kabichi ambayo baba aliikoroga tu. Kulitokea jambo pale kambini. Nitalifikia, nipe nafasi kwanza.

Tulipotoka nilitaka turudi nyumbani, lakini baba alinielekeza ng'ambo, kwenye bwawa la matope, akasema mbegu za mibetula huruka na upepo, haziombi ruhusa. Tulitafuta mpaka jua likaanza kulala. Mwisho tuliuona mbetula mmoja, umepinda juu ya maji kama bibi kizee, lakini hai, na ubavuni una uvimbe wa uyoga usiozidi ngumi yangu. Nilikwea na shoka. Baba alinifokea toka chini kama enzi zile: "Usikate gome! Unachonga uyoga au unamchinja mti? Bakiza mzizi wake, we binti, mti nao una aibu yake!" Uyoga uliachia, ukaanguka botini mapajani mwa baba, ndani rangi ya kutu, unanukia msitu baada ya mvua. Alinituma nifunge kitambaa tawini na kuacha mkate pale chini, malipo ya mti kama desturi. Maneno ya kuomba aliyasema mwenyewe toka ndani ya boti, kwa sababu hakuweza kushuka.

Nyumbani vita vikawa vya namna ya kupika. Mama alitaka kuuchemsha kwa moto mkali, baba alitaka ukatwekatwe, ulowekwe kwenye maji ya moto yasiyotokota, ukae kando ya jiko mpaka maji yawe meusi. Alimwuliza mama kama anapika chai au anapika buti. Mama akamwambia anyamaze, ameolewa naye miaka yote hii na hajamwona akiosha hata sufuria. Nilikaa nikiwasikiliza, nikatamani wasimalize ugomvi ule kamwe.

Alikunywa. Siku za mwanzo alikaa kitandani bila kuegemea, akala samaki kidogo, akauliza nyavu zimekaaje. Mama alikwenda kwa Nina kumtangazia. Nina alikuja, akamwangalia, akamsifu mama kwa chai yake, na alipotoka nje aliniegemea begani akalia. Juma lililofuata chai ilianza kurudi, halafu maji matupu yakarudi, na sasa namlowesha midomo kwa kitambaa. Ngozi yake imekuwa ya manjano. Mama bado anapika ile chai kila asubuhi, anamwekea kando ya kitanda, na jioni anaimwaga.

Sasa lile la kambini. Mama hajui kusoma, ndiyo maana ninaweza kuliandika naye akiwa hapa.

Ukutani kwa Halina kuna ubao wa heshima wenye picha za wafanyakazi bora. Baba alikuwa ameelekea jiko, na picha yako ilikuwa juu ya jiko. Umesimama kwenye ngazi ya buldoza, kofia imekaa upande, unacheka. Nyuma yako ni mibetula iliyolala, na nyuma ya mibetula ni lile jiwe letu la majini. Halina alimwona baba anaitazama, akasema kwa majivuno kama vile wewe ni wake, "Huyo ni Terenti, mzee, mtu wa hukuhuku kwenu! Kilima chote hiki alikilaza yeye peke yake, kabla hawajampeleka kaskazini. Wenzake waliogopa ule mteremko, yeye akasema anaujua tangu mtoto." Nilimtazama baba. Alivuta mkono wa koti, akakifuta kioo cha ile picha, polepole, akamwambia, "Ndiyo. Ni mwanangu." Halina alimkumbatia, akatuongezea mkate.

Njia nzima hakulitaja. Hakulitaja mpaka juzi, ndipo akaniita akanionyesha kipande cha uyoga alichokuwa amekificha chini ya mto wa kulalia. Ni nusu nzima ya ule tulioupata. Wakati sisi tunaitegemea chai ile imwongezee pumzi, yeye alikuwa amekwisha kujiwekea ule wa kufukizia nyumba maiti ikishatoka, ili kifo kisirudi ndani. Kwa hiyo alijua, kaka. Nadhani alijua toka hospitali. Akasema moshi wake auwashe Terenti, si mtu mwingine. Nilimwuliza kama hiyo ni radhi au ni adhabu. Akafumba macho. Sijui, na wewe usinifanye nijue.

Sikuandiki kukulaumu. Najua si wewe uliyechora njia ya bomba, na kama ungekataa, angepanda mwingine. Nimejiambia hivyo mara nyingi na haijanisaidia. Nakuandikia kwa sababu kukuficha kungekuwa kukufanya mgeni.

Usijaribu kuja. Mto umeanza kushika barafu, boti haipiti na barafu haibebi mtu, na helikopta itakayochukua barua hii ndiyo ya mwisho mpaka baridi itulie. Itakapokufikia, baba atakuwa amekwenda. Mama anasema nyumba itakaa bila moshi huo mpaka ufike. Wazee hapa kijijini hawakubali, wanasema si salama kwa walio hai. Sijui tutafanya nini.

Mama anakusalimu sana, anakuomba uvae soksi mbili. Nina anakusalimu. Majirani wote wanakusalimu, na wasiokusalimu nimewaacha.

Baba sikumwona na nguvu ya kutoa salamu. Hata hivyo kabla ya kufunga bahasha nilimwinamia nikamwambia namwandikia Terenti, nimwambie nini. Kisha akaniuliza kama ndani ya ile mashine yako kuna joto. Nilimwambia sijui. Akasema nikuulize.

Ni mimi mdogo wako,
Uliana