Kiingereza Kilichoning'oa Jino

Jumanne, Februari 1998. Etobicoke, Toronto, ghorofa ya kumi na moja.

Theluji imeacha kuanguka lakini upepo unagonga madirisha kama mtu aliyefungiwa nje. Jino langu la mbele liko ndani ya kikombe, hapa kando ya kompyuta. Furaha, mkamwana wangu, alitaka kulitupa. Nikamwambia ukiligusa tutakosana. Jino hili nimetoka nalo Uvira, kwetu Kongo, nimevuka nalo mipaka yote ile, haliwezi kuishia kwenye pipa la takataka la Kanada.

Nimepigana leo.

Nina miaka sitini na mitatu na nimepigana kazini, juu ya sakafu ya simenti, mpaka damu. Na sikushindwa. Naliandika hilo mapema kabisa, maana najua Jumapili watu wa kanisani watasimulia vingine.

Kawaida naandika kwa vidole viwili. Shule niliachia darasa la tatu, siku mwalimu aliponichapa na mimi nikamchapa. Leo mkono wa kushoto umevimba kama mkate, kwa hiyo ni kidole kimoja tu. Mtanisamehe makosa. Msiponisamehe, shauri yenu.

Kesho asubuhi naitwa kwa mkubwa wa depo la mizigo, kule Malton karibu na uwanja wa ndege. Shefu wetu wa zamu, Gurdip, ameniambia wazi: "Anko, sema tu Walter ndiye alianza. Yeye anaondoka, wewe unabaki. Mkinyamaza, mnaondoka wote wawili." Na ni kweli, Walter ndiye alianza. Watu wamemwona. Basi kwa nini neno hilo limenikwama kooni tangu mchana, na koo lenyewe lina alama za vidole vyake?

Nianze na mdomo wangu, maana vita vyote vilitoka humo.

Kiingereza changu sikukipata darasani. Nilikipata ndani ya gari la misioni. Nilikuwa dereva wa Bwana Klaidi, mmisionari wa Alabama, kusini mwa Marekani, miaka na miaka. Barabara za Kivu wakati wa mvua ni za kukwama, na tukikwama yeye alikuwa anaongea. Anaongea polepole, anavuta neno kama anavuta kamba ya ng'ombe aliyegoma. Kila neno lina mkia. Mimi nilimeza yote, maneno pamoja na mikia. Akihubiri, mimi ndiye mtafsiri, nasimama naye bega kwa bega. Akipandisha sauti napandisha. Akipiga meza napiga. Watu wa viti vya nyuma walikuwa wanasema ukifumba macho hujui mzungu ni yupi. Kandokando ya ziwa lote hakuna mtafsiri aliyeniweza. Waulizeni.

Kwangu mimi ile ilikuwa sauti ya mtu mkubwa. Mtu ambaye hakuna anayemkimbiza. Nilidhani Marekani yote inasema hivyo.

Nilipofika Toronto nikafungua mdomo, watu wakacheka.

Wakanada wanacheka kwa adabu. Wanasema nasikika kama mtu wa sinema, mwenye kofia na farasi. Wasio na adabu ni madereva wa malori wanaovuka kutoka Marekani. Kuna mmoja wa New York, Vini, anaongea haraka kama kuku anayefukuzwa jikoni. Siku ya kwanza kunisikia alijishika tumbo. "Mzee, punda wako umemfunga wapi?" Akaita wenzake waje wasikie. Akawaeleza kwamba hiyo ni sauti ya watu wa kusini kwao, wajinga, wasiovaa viatu, wanaooana binamu kwa binamu. Nilimshika kola nikamgongesha kwenye mlango wa lori lake mwenyewe. Mara moja tu, kwa kumfundisha. Tangu siku ile anacheka akiwa ameshafunga vioo.

Halafu akaja dereva mwingine, wa Georgia, mnene, uso mwekundu. Nilimwambia tu arudishe lori nyuma kidogo. Akazima injini, akashuka, akanitazama kama ameona mzimu. Akasema babu yake alikuwa anasema hivyo hivyo, na sauti ile hajaisikia tangu amzike. Akanikumbatia pale pale kwenye theluji. Mzungu mzima, na machozi. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Sasa nambieni. Mdomo ni mmoja. Vini anasikia mjinga, yule anasikia babu yake. Furaha anasema jambo hilo linaitwa lafudhi. Liitwe linavyoitwa.

Si jipya sana kwangu. Hapa kwenye jengo letu yuko Mama Zainabu wa Unguja. Kila tukikutana kwenye lifti ananiuliza, "Baba, hicho Kiswahili umekinunua wapi, na risiti unayo?" Watu wa pwani wanadhani Mungu aliwapa lugha wao, sisi wa Kongo tukaja kuazima. Angekuwa mwanamume, lifti ile ingekuwa na kesi.

Lakini Walter hakucheka, wala hakunikumbatia.

Walter ni Mmarekani mweusi. Jana ndiyo aliletwa kwenye zamu yetu kutoka depo la Downsview. Mtu mrefu, mabega kama kabati, mvi zimeanza pembeni. Jana hatukusemezana. Leo alikuwa amekaa juu ya foklifti, kile kigari cha kuinua mizigo, amenipa mgongo, ameziba njia, na mimi nasukuma mkokoteni umejaa maboksi. Nikamwita. Na mimi sijui kuita kinyonge. Nikamwita vile Bwana Klaidi alivyokuwa anawaita vibarua kule kwetu, kwa sauti ya chini, polepole, kila neno na mkia wake. "Wewe pale juu. Hebu shuka hapo uje nikuone."

Haikuwa hasira. Ulikuwa utani. Kule kwetu vibarua walikuwa wanacheka.

Niliona mgongo wake ukikauka. Akashuka polepole bila kugeuka, na alipogeuka ngumi ilikuwa tayari njiani. Nafikiri ilitoka kabla macho yake hayajanifikia. Ilinikuta mdomoni. Jino lilitoka nalisikia, likakaa juu ya ulimi, na chumvi nyuma yake.

Ndipo akaniona. Akaona mtu mweusi kama yeye. Nilidhani ataomba radhi. Ndio kwanza akawaka. Akauliza nani amenituma, nani amenifundisha kumwigizia sauti hiyo.

Nilimjibu kwa kichwa.

Kichwa kizuri, haki ya Mungu, cha vijana wa sokoni Uvira, kutoka chini kwenda juu. Pua yake ilivunjika kama kijiti. Akarudi nyuma, nikamfuata, tukaanguka pamoja juu ya maboksi, maboksi yakapasuka. Nikaokota ubao wa paleti la mizigo nikamshindilia begani. Ubao ukakatika. Bega halikukatika. Akanigeuza kama gunia, akanikalia kifuani, akanishika koo kwa mikono miwili.

Hapa naandika polepole.

Nilimwambia aniachie. Nilimwambia kwa Kiingereza, si ni Mmarekani? Na kila nilipofungua mdomo mikono ilibana zaidi. "Sema kwa sauti yako!" anapiga kelele, damu ya pua yake inanidondokea machoni. "Yako, mzee! Yako mwenyewe!" Namwambia hii ndiyo yangu, sina nyingine. Anabana. Namwambia tafadhali, na tafadhali yangu ni ya Bwana Klaidi, ndefu, tamu. Anabana. Niliona taa za juu zinakuwa ndogo, kila moja kama punje ya mchele.

Mwisho Kiingereza kikaniishia. Nikapiga yowe kwa Kiswahili. Sikulichagua, lilitoka lenyewe. "Unaniua, mwanangu! Unaniua!"

Mikono ikalegea.

Hakuelewa hata neno moja, na mikono ikalegea. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Gurdip na wenzake walipofika kumvuta alikuwa ameshaniachia. Wasije wakajisifu kwamba waliniokoa. Na alipokuwa anavutwa nilimpiga teke moja la paja, ili hesabu isiharibike.

Gurdip alitufungia kwenye chumba cha mapumziko, kila mtu na mfuko wake wa barafu. Walter alikuwa amejaza karatasi puani. Nikamuuliza, "Nimekukosea nini mimi?" Nilipofungua tu mdomo, goti lake likaruka. Niliona. Mtu wa mabega yale.

Alianza kuongea akiangalia sakafu. Alizaliwa Mississippi, kusini huko huko, jirani na Alabama. Alipopelekwa Chicago, watoto wa huko walimcheka na kumpiga kwa namna yake ya kusema, mpaka akaisugua yote ikatoka. Alipokua akakimbilia huku ili asiende kupigana Vietnamu. Lakini kabla ya hayo yote, akiwa bado mtoto wa kulala na mama, wazungu walikuja jioni nje ya nyumba yao. Mmoja akamwita baba yake. Hakupiga kelele. Aliita polepole, kwa adabu, kwamba baba atoke wazungumze kidogo. Baba akavaa viatu, akatoka.

Viatu ndivyo walivyorudishiwa.

"Hakuwa na hasira," Walter akaniambia. "Sauti ile haikuwa na hasira hata kidogo. Kama yako."

 

Nyumbani Furaha amenipa maji ya chumvi ya kusukutua, akinisema kidogo kidogo, kwa heshima. "Papa, kwa umri huo jamani." Wajukuu wakaniuliza kwa Kiingereza chao cha televisheni nani ameshinda. Nikaanza kuwajibu kwa Kiingereza, nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Mara ya kwanza maishani nikaisikia. 

Nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikajaribu mbele ya kioo. Nilijaribu kusema kama Vini. Nilijaribu kama Gurdip. Nilijaribu kama yule mama anayesoma habari. Wajukuu walikuwa nje ya mlango wanakufa kwa kicheko. Kila nilichoanza kilimalizika Alabama. Tena sasa kinapiga filimbi, pale jino lilipotoka.

Nilipiga kioo ngumi. Ndiyo, mkono huu. Nyinyi si mlidhani ni Walter aliyeuvimbisha?

Bwana Klaidi alikuwa mtu mwema kwangu. Nilipofiwa na mtoto wangu wa kwanza alichimba kaburi yeye mwenyewe, mvua inamnyeshea, hakutaka vibarua. Mtu akimsema vibaya mbele yangu nitamvunja taya, hata leo, hata Walter.

Lakini kabla ya Kongo alikuwa nani? Kule kwao, jioni, alikuwa anawaita watu namna gani, na walipotoka aliwafanya nini? Barabara zote zile, tope lote lile, siku zote tulizokaa tumekwama ndani ya gari, mimi sikumuuliza. Sasa amekufa. Nikimuuliza, wa kunijibu ni mdomo wangu.

Furaha anasema, "Papa, sema tu alianza yeye, yaishe." Ni rahisi kwake. Niende mbele ya mkubwa, na tai yake, nimwambie nilipigwa? Mimi? Nimwambie nilikaliwa kifuani nikalia? Na pua ile basi ilivunjwa na nani, na malaika?

Na kuna hili jingine. Nikisema, ataitwa. Mtu atasimama mlangoni na kumwita atoke nje wazungumze kidogo. Kwa adabu. Na safari hii aliyemtuma nitakuwa mimi.

Hapana.

Kesho nitasema tuliteleza kwenye barafu pale mlangoni, wote wawili, uso kwa uso. Mkubwa hataamini. Shauri yake. Akitufukuza, atufukuze pamoja, maboksi ya kubeba hayajaisha Malton. Mtu wa kumwadhibu Walter ni mimi, si ofisi, na kazi hiyo nimeshaifanya.

Nitafika mapema. Nikimkuta amenipa mgongo, sitamwita kutoka nyuma. Nitazunguka mpaka mbele yake, aone uso kwanza, na nitaanza kwa Kiswahili. Habari ya asubuhi, mwanangu. Hataelewa, kama leo asivyoelewa akaniachia, na hiyo ndiyo sababu. Halafu nitaleta kile Kiingereza changu, polepole, na mikia yake yote na filimbi yake, maana sina kingine, naye itabidi akizoee.

Asipokizoea, mkono umevimba lakini kichwa kizima.