Picha ya Mfano

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za afya tutaulizana siku nyingine. Ulinicheka, eti bibi mwenye wajukuu atawezaje kutengeneza tovuti. Basi nilipata mteja wa kwanza, fundi majeneza. Alitaka na ukurasa wa kutangaza misiba. Nikaujaribu kwa picha ya mfano: shemeji yako na suti yake ya harusi, chini nikaandika "Marehemu" na ramani ya kufika kwetu. Badala ya kubonyeza "hifadhi", nikabonyeza "chapisha".

Asubuhi tukasikia kilio mlangoni. Shemeji yako akaacha chai yake, akaenda kufungua. Mwanamke nisiyemjua alikuwa amejishika kichwa: "Mume wangu jamani, umeniacha na nani?" Alipomwona marehemu amesimama na kandambili, akaanguka puu!

Nikangoja shemeji yako aniulize huyu ni nani. Akapiga magoti, akampepea kwa mikono miwili: "Mke wangu, amka. Mimi mzima."

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika birika.

Fundi amepiga simu, anasema nimesahau kuitoa ile picha. Nimemwambia aiache hapohapo.

Dada yako,
mfiwa.