Kuku wa Baba

Homa Bay,
Jumapili asubuhi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wajukuu wako. Goti linaendeleaje? Helen wa duka la dawa ameniambia umeacha tena dawa ya kuchua eti inanuka. Haya, wewe na goti lako mtajuana. Mwambie Joyline akusomee barua hii polepole, nawe uketi.

Kesi yenu imenila wiki nzima. Wanaodhani wakili wa alama za biashara hushinda akinguruma kortini hawajaniona nikipekua mafaili mpaka macho yanawasha. Shida ni ileile: Bogonko, mfanyabiashara wa jumla wa Migori, alimsajili kuku wa madoadoa kuwa alama yake. Sasa maduka yameziogopa barua zake za onyo, na makopo ya siagi ya karanga ya kikundi chenu, yenye picha ya kuku huyo, yamerudishwa yote. Nilimtangazia kila mtu kwamba kuku huyo alichorwa na marehemu Baba, mezani kwetu Rangwe, na kwamba nitamnyoosha Bogonko. Nilijigamba sana, Mama.

Jumatano nilikutana na Jacktone, wakili wa Bogonko, tubadilishane hati. Nilitarajia vitisho. Yeye akanisogezea fomu ya usajili na kusema taratibu, “Kezia, soma hapo chini mwenyewe.” Kisha akatoka, akaniacha peke yangu.

Joyline, hapa usiruke. Sahihi iliyo chini ya fomu ile ni yangu.

Ni miaka mitatu sasa, nilipokuwa bado nimeajiriwa na ofisi ya mawakili huko Migori. Ilikuwa Ijumaa, jua limeanza kushuka, nami nina haraka nifike nyumbani kabla Sabato haijaingia. Karani alikuwa amekunja pembe za kurasa za kusaini, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi, nami nikasaini palipokunjwa tu. Picha ya kuku ilikuwa ukurasa wa mwisho, ambao haukukunjwa. Nilithibitisha kwamba mteja ndiye mwenye alama bila kumuuliza hata swali moja, kisha nikaenda kuifungua Sabato kwa nyimbo.

Nimelia, Mama, na nimeona haya kukupigia simu. Siwezi tena kuwa wakili wenu, maana nitakuwa shahidi. Nimewatafutia Orpah Mokua wa Kisii, mwanamke makini. Anasema ushahidi wangu ndio unaoweza kuuvunja usajili ule. Anasema pia kwamba huenda nikasimamishwa kazi ya uwakili. Naogopa, lakini kiapo nimeshakiandika.

Wasalimie akina mama wa kikundi. Usiwaambie bado, nitakuja mwenyewe Jumapili ijayo niwaambie ana kwa ana. Kesi itasikizwa tarehe tisa. Ukae mbele, upande wa Orpah. Nikiulizwa nani aliyempa Bogonko kuku wa Baba, nataka nijibu nikikuangalia wewe.

Mungu akutunze.

Binti yako,
Kezia Bochaberi