Mashangazi Waliporudi Getini

Jumamosi, Igogo

Eti wageni wanamsifu mjomba, dijei wetu: "mjomba fundi"! Fundi wa nini, wakati alikuwa nyuma ya turubai anakula pilau?

Mashine ya muziki niliishika mimi, mashangazi walipokuwa wanaingia na zawadi za sendofu ya dada Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Kawaida wanaingia polepole, vitenge kichwani, hadi mezani. Nikauchanganya wimbo wao wa ngoma na singeli, kidogo kidogo, mpaka miguu ikaanza kukimbia yenyewe. Walipofika mezani hawakuweka kitu. Waligeuka, wakarudi getini, wakaingia upya! Mara mbili!

Mjomba dijei akarudi, akapunga mkono, akapigiwa vigelegele. Mama akaninong'oneza, "Mtoto wa kike hakai kwenye nyaya. Kaoshe vyombo."

Nina miaka kumi na sita!

Baadaye shangazi mkubwa akasimama. "Fundi, turudishie ule wa kukimbia." Mjomba akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Wimbo ule haukutoka. Mwishowe akaniita kwenye spika, kwa jina langu, mbele ya wote.

Huenda asiniruhusu tena kugusa mashine yake, na hilo linaniuma. Lakini nilimsikia vizuri kabisa, nikaendelea kusugua sufuria.