Gari la Sebuleni kwa Wifi

Mwenzangu, natoka kwa wifi sasa hivi. Bado siamini.

Lile gari la betri alilomnunulia mwanawe, analolipiga picha kila wiki? Limeegeshwa sebuleni, kiti bado kina nailoni. Mwaka mzima!

Binti yangu akapanda, akakanyaga pedali, gari likasogea hadi mlangoni. Wifi alipiga yowe utadhani nyumba inaungua. "Mshushe! Atalichubua!"

Eti mshushe!

Halafu akaleta kitambaa, akapangusa alipokalia mwanangu. Mbele ya macho yangu. AKAPANGUSA!

Nikamuuliza, "Wifi, hili ni gari la mtoto au kabati la vyombo?" Akabinua mdomo.

Sasa sikia. Mwanawe, miaka minne, amelikodolea macho hilo gari lake, akamvuta mama yake mkono:

"Mama, kumbe linatembea?"